Heshima Izungukayo: Fikira juu ya Salamu za Masingasinga na Salamu Zetu

Wahenga wametuachia usemi mfupi: heshima si utumwa. Usemi huu hutajwa sana na wazazi wanapomkanya mtoto apitaye mbele ya wakubwa bila ya kusalimu, na mtoto, kwa kuwa ni mtoto, hunyamaza na kuinamisha kichwa. Lakini akisha kukua na kuingia shule ya sekondari, akafundishwa historia na siasa, huanza kuuliza moyoni mwake swali ambalo si la utovu wa adabu hata kidogo: ikiwa binadamu wote ni sawa, kwa nini mmoja ainame na mwingine ainamiwe? Nasi wakubwa tukimjibu kwa ukali tu, tukasema ndivyo tulivyokuta, tutakuwa tumemshinda kwa umri wala hatukumshinda kwa hoja.

Katika makala haya tunakusudia kulikabili swali hilo. Tutalifikia kwa njia ambayo huenda ikamshangaza msomaji, yaani kwa kuzitazama kwanza salamu za watu wa mbali waliokuja kuwa jirani zetu, Masingasinga, kisha turudi nyumbani kuzitazama zetu. Mtu hujua sura ya nyumba yake vema zaidi anapoitazama kutoka uwanja wa jirani.

Sisi wa Turwa, katika nchi hii ya Tarime na Serengeti, tumezoea kusikia salamu za lugha nyingi. Siku ya soko hukutana Wakuria wa koo mbalimbali, Wajaluo na Wasuba kutoka upande wa ziwa, Wangoreme na Waikoma kutoka Serengeti, na Wakisii wavukao mpaka wa Sirari. Barabara hiyo ya Sirari huenda Migori na Kisii, ikafika Kisumu, mahali ambapo reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ililifikia ziwa mwaka 1901. Reli ile ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo Masingasinga: maseremala, wahunzi na waashi. Wengi katika vibarua wale walirudi kwao, wengine walikufa kwa maradhi na ajali, na wengine wakabaki. Waliobaki, pamoja na wenzao waliowafuata, walienea katika miji ya Afrika Mashariki, nao wakajenga nyumba zao za ibada, ambazo huziita gurdwara, Kisumu, Mwanza na kwingineko. Waswahili waliwaita Masingasinga, au Makalasinga, kwa sababu ya jina Singh ambalo wanaume wao hulitumia. Maana ya jina hilo ni simba. Wao wenyewe hujiita Sikh, na maana ya neno hilo ni mwanafunzi. Yafaa wasomaji wetu walio wanafunzi walikumbuke jambo hilo: kuna watu duniani waliochagua neno hilo, lenye unyenyekevu, liwe ndilo jina la dini yao na la umma wao mzima.

Je, watu hao husalimianaje? Salamu yao iliyo maarufu kuliko zote ni Sat Sri Akal. Sat ni kweli. Sri ni neno la utukufu. Akal ni yule asiyefungwa na wakati, asiyezaliwa wala kufa. Kwa hiyo asalimuye hivyo hasemi habari za asubuhi wala za jioni, wala haulizi hali ya mwenzake. Anatamka kwamba Mungu wa milele ndiye kweli. Na amjibuye hurudisha maneno yaleyale, bila ya kuongeza wala kupunguza. Mikono huunganishwa viganja mbele ya kifua. Mzee humwambia kijana maneno hayo, na kijana humwambia mzee. Tajiri humwambia fundi, na fundi humwambia tajiri. Hakuna neno la anayetangulia na neno jingine la anayeitika.

Iko na salamu nyingine iliyo nzito zaidi, Waheguru Ji Ka Khalsa, Waheguru Ji Ki Fateh, ambayo maana yake ni kwamba Khalsa ni mali ya Mungu, na ushindi ni wa Mungu. Khalsa ni ule umoja wa waliotawadhwa uliowekwa na Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, mwaka 1699 katika mji wa Anandpur. Siku ile, kama mapokeo yao yasimuliavyo, watu watano wa kwanza walijitolea vichwa vyao, nao walikuwa wa tabaka mbalimbali za kuzaliwa. Wakanyweshwa kutoka bakuli moja. Kisha Guru mwenyewe akapiga magoti mbele ya wale watano, akawaomba wamnyweshe na yeye. Mwalimu aliwainamia wanafunzi wake! Katika nchi ambako tabaka la kuzaliwa liliamua nani ale na nani na nani amguse nani, hilo halikuwa jambo dogo. Tangu hapo wanaume waliitwa Singh na wanawake Kaur, ili jina la ukoo lisimtangulie mtu na kutangaza daraja lake kabla hajafungua kinywa. Na kanuni ya mwenendo wa Masingasinga iliyopitishwa mwaka 1945 inawaagiza wote, wake kwa waume, wasalimiane kwa maneno hayo ya Khalsa.

Lakini kabla ya Khalsa palikuwa na desturi nyingine, nayo ndiyo inayotugusa zaidi sisi watu wa Kiswahili. Katika Punjab, nchi ya asili ya Masingasinga, mdogo humsalimu mkubwa kwa maneno pairi pauna, yaani naianguka miguu yako. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hiyo, aliyeishi tangu 1469 hadi 1539, pamoja na wafuasi wake wa mwanzo, hawakuifuta desturi hiyo. Waliigeuza. Walifundisha kwamba waumini wote wainamiane, kila mmoja aiendee miguu ya mwenziwe, aliye juu na aliye chini, mwenye kiti na asiye na mkeka. Kitendo ni kilekile kilichokuwapo; kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna aliyebaki amesimama wima peke yake.

Hapo msomaji atakuwa amekwisha kuikumbuka salamu yetu wenyewe. Tunapomwamkia mkubwa, tunasema shikamoo, na wajuzi wengi wa lugha wanaeleza kuwa chanzo chake ni maneno nashika miguu yako. Ni ajabu iliyoje kwamba watu wa Punjab na watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao bahari kubwa iliwatenga, wote wawili walipotaka kuonyesha heshima waliitazama miguu! Miguu ndiyo sehemu ya mwili iliyo chini kabisa, tena ndiyo iliyobeba vumbi la safari yote ya mtu. Aigusaye miguu ya mzee hukiri kwamba mzee huyo ametembea mwendo ambao yeye bado hajautembea.

Hata hivyo tusiifiche historia. Katika karne ya 19, pwani na visiwani, salamu hii ilitumiwa pia na mtumwa kumwamkia bwana wake. Waungwana kwa waungwana waliambiana sabalkheri na masalkheri; mtumwa alishika miguu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika Tanganyika mwaka 1922. Neno likabaki, likapanda bara pamoja na lugha yetu, na likiwa njiani likabadilika tabia: likaacha kuwa salamu ya aliyenunuliwa kwa aliyemnunua, likawa salamu ya mdogo kwa mkubwa. Wapo waliosema, na wangali wapo wanaosema, kwamba neno lililotoka katika minyororo halifai kukaa katika kinywa cha mtu huru. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ili tuipime kwa haki, yatupasa kwanza kuuliza ni kitu gani hasa kilichokuwa kibaya katika salamu ya mtumwa. Je, ni kuinama kwenyewe, au ni jambo jingine?

Mila za Wakuria zinatusaidia hapa. Kwa Wakuria kila mtu huzaliwa katika rika la kizazi, ambalo huitwa irikora. Marika hayo yamo katika duru mbili: moja ina Saai, Nyamburiti, Gamunyere na Maina, ya pili ina Chuma, Ngini, Mairabe na Nyangi. Mtoto hawi katika rika la baba yake bali katika lile lifuatalo, na baada ya vizazi vinne jina la kwanza hurudi tena. Kutokana na hayo hupatikana adabu ya maamkizi na ya maongezi. Rika la baba na rika la mwana hupeana heshima yenye haya. Hawafanyiani mzaha, wala hawatamkiani maneno mazito. Lakini rika la babu na rika la mjukuu huwa huru baina yao: hutaniana, hucheka pamoja, huketi kama wenzi. Tena haijalishi mtu ana miaka mingapi. Huenda mtoto mdogo akawa ni wa rika la baba wa mzee mwenye mvi, na mzee yule akampa heshima ya baba.

Tuyatafakari hayo. Katika mpango huo hakuna mtu aliye mkubwa kwa kila mtu, wala hakuna aliye mdogo kwa kila mtu. Anayemstahi huyu atastahiwa na yule. Mwenye haya mbele ya baba hupumua mbele ya babu. Na jina lililokwenda zake hurudi, kama vile jua linavyorudi. Heshima haijengwi kama ngazi ambayo mmoja hukaa kileleni na wengine kumtazama visigino. Ni duru, nayo huzunguka.

Sasa tunaweza kuona ubaya wa salamu ya mtumwa ulikuwa wapi. Haukuwa katika kuinama. Guru aliwainamia wafuasi wake, wala hakupungukiwa na kitu. Mjukuu wa Kikuria humstahi baba yake, na si mtumwa wake. Ubaya ulikuwa katika hili, kwamba heshima ya mtumwa haikuzunguka. Aliinama leo, ataendelea kuinama kesho, na mwanawe atainama baada yake, wala haitafika siku ambayo bwana atamwinamia. Ilikuwa kama mto uingiao katika shimo ambalo halitoi kijito.

Basi kipimo chetu ni hiki. Heshima izungukayo ni haki, na heshima iendayo upande mmoja tu ni utumwa, hata ikipambwa kwa maneno matamu. Masingasinga waliizungusha kwa wakati mmoja: wewe nami tunaambiana neno lilelile sasa hivi, kwa sababu sote tuko chini ya aliye mkuu kuliko sisi. Wakuria waliizungusha kwa vizazi. Na shikamoo yetu ya leo, ikiwa ni ya umri, huzunguka kwa miaka: kila mtoto asemaye shikamoo, Mungu akimjalia maisha, ataitika marahaba. Uzee hauna ukoo wala hauna bei. Huwafikia wote. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba neno lile limekwisha kufunguliwa minyororo yake, na hatuna sababu ya kulitupa.

Lakini kipimo hiki hukata pande mbili, na upande wa pili hutukata sisi wenyewe. Mara ngapi tumemsikia mtu mzima akimwambia kijana shikamoo, kwa kuwa tu kijana yule ana gari, au ana cheo, au ana fedha ya kukopesha? Watu hucheka na kudai kuwa ni utani. La hasha! Hapo neno limerudishwa utumwani. Umri huzunguka, lakini mali haizunguki kwa njia hiyo. Ampaye tajiri shikamoo kwa utajiri wake amekiri kwamba binadamu hupimwa kwa kile alichonacho, na amemfundisha mwanawe aliyesimama karibu naye kwamba wazee maskini hawana cha kuamkiwa.

Vivyo hivyo katika majina tunayoitana. Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilitangaza udugu wa binadamu wote, na katika miaka baada ya Azimio la Arusha la 1967 waziri na mkulima waliitwa kwa neno moja, ndugu. Tangu miaka ya 1990 neno mheshimiwa limeenea, na ndugu likarudi nyuma. Hatusemi kwamba neno pekee huleta haki. Sisi tuliokaa katika ofisi za serikali tunajua kwamba mwananchi aliweza kuitwa ndugu kwa ulimi, kisha akaambiwa njoo kesho mara saba, naye ametembea kwa miguu kutoka kijijini. Mtu wa namna hiyo alisalimiwa kama ndugu na akatendewa kama mzigo. Salamu ni ahadi, na ahadi isiyotimizwa ni afadhali isingetolewa.

Masingasinga nao hawakusalimika na jaribu hilo, na haki yataka tuseme. Watu waliofundishwa kuondoa matabaka waliweza, hata hapa Afrika Mashariki, kujenga nyumba za ibada mbalimbali katika mji mmoja, na Nairobi ni mfano, nyingine zikijulikana kuwa ni za mafundi wa jamii ya Ramgarhia na nyingine za wengineo. Hilo si la kuwacheka. Latuonyesha kwamba salamu njema huwa ni hakimu juu ya asalimuye. Lakini yapo pia waliyoyatimiza. Katika kila gurdwara kuna jiko liitwalo langar, ambalo humlisha yeyote aingiaye, bila ya kumwuliza dini wala kabila, na wote huketi chini katika safu moja. Mapokeo yao husimulia kwamba hata mfalme Akbar alipotaka kuonana na Guru wa tatu, Amar Das, aliketi kwanza safuni akala pamoja na watu. Katika Makindu, kwenye njia ya Mombasa na Nairobi, gurdwara iliyojengwa mwaka 1926 imepata sifa kwa kuwapa wasafiri chakula na malazi bila ya malipo. Huko ndiko salamu inakotimizwa. Kinywa kimesema sote ni sawa, na sahani imeitikia.

Je, kwetu kitu gani huitikia baada ya shikamoo? Wengi hudhani kwamba katika salamu hii mzigo wote ni wa mdogo, na mkubwa kazi yake ni kupokea. Sivyo. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, yaani hupokea taka zote, uchungu wa watu na makosa yao, akavumilia. Aitikaye marahaba amekubali deni. Amesema: nimekupokea, wewe ni wangu, njaa yako ni yangu, kupotea kwako ni aibu yangu. Mwalimu aamkiwaye na wanafunzi arobaini asubuhi amepokea madeni arobaini kabla hajashika chaki. Akiwatukana, au akiingia darasani bila ya kujiandaa, amekula heshima asiyoilipia. Na mzee amwitikiaye binti marahaba, kisha jioni akamwuza kwa ng'ombe kabla hajamaliza shule, ameishika miguu ya binti yule kwa namna mbaya kabisa: ameifunga isitembee.

Kuna jambo moja la mwisho tunalopenda kulichukua kwa Masingasinga. Yale maneno Sat Sri Akal hapo zamani yalikuwa pia sauti ya vita. Mmoja hupaza wito, na jeshi zima huitikia kwa maneno hayo. Baadaye yale maneno ya kuendea vitani yakawa maneno ya mlangoni, ya kumpokea jirani. Sisi wa Tarime na Serengeti tunayajua mayowe ya usiku, wakati ng'ombe wanapoibwa na koo mbili zinapokabiliana kwa mishale na mapanga. Tunajua pia kwamba vita hivyo havianzi kwa mshale. Huanza siku watu wa koo mbili wanapokutana njiani na kila mmoja akatazama upande wake. Salamu iliyokatwa ndiyo dalili ya kwanza, na salamu iliyorudi ndiyo dalili ya kwanza ya amani. Ikiwa watu wengine waliweza kulichukua neno la vita na kulifanya neno la kukaribishana, hatuoni sababu ya sisi, ambao tayari tuna maneno ya amani katika kila lugha ya soko la Turwa, kushindwa kuyatumia.

Katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wengine hujipumbaza, lakini kujifunza si kuacha chako. Hatumwambii mwanafunzi wa Tarime aanze kusalimu kwa Kipunjabi. Tunamwambia arudi kwenye shikamoo yake akiwa na macho mapya. Aitoe kwa mzee maskini kwa sauti ileile ampayo mzee tajiri. Asiitoe kwa fedha ya mtu yeyote. Na sisi tunaoitika tujue kwamba tumepewa kwa zamu tu.

Heshima ni kama duru, huzunguka ikarudi,
Umpaye leo nuru, kesho yako itazidi,
Salamu ya mtu huru, haitozwi kama kodi,
Marahaba ni ahadi, si taji ya kujidai.